Kufundisha Kiingereza kwa vifaa vya mtandaoni: mwongozo kamili kwa mwalimu wa tuisheni Lamu

Walimu wenzangu wa tuisheni hapa mjini, Shela na hata Matondoni wamekuwa wakiniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Simu imejaa PDF za Kiingereza, viungo vimehifadhiwa kila mahali, bando linakwisha kabla ya wiki kwisha, lakini darasa halisemi. Nahodha aliyesoma miezi kadhaa bado anamwita mwenzake amsaidie mgeni anapouliza bei ya kwenda Takwa, kwenye magofu ya kale kisiwani Manda.

Vifaa havijakosekana. Vya bure vimejaa tele mtandaoni, na vingi vimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao. Linaloharibika ni hili: mwalimu anakipeleka kifaa darasani kama alivyokikuta. Somo la mtandaoni limeandikiwa mtu wa popote duniani. Mwanafunzi wako anakaa barazani Langoni, ana kazi yake, na ana saa moja tu kabla ya magharibi. Lazima mtu akae katikati yao, na mtu huyo ni wewe.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa watu wazima na vijana waliokwisha kutoka shule: waongoza watalii, manahodha, akina mama wanaokodisha vyumba, vijana wanaotafuta kazi hotelini. Walimu wa watoto watafaidika zaidi na Hatua ya 3.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu yenye nafasi tupu ya gigabaiti 4 au zaidi, au memori kadi.
- Spika ndogo, ya Bluetooth au ya waya. Sauti ya simu haiwafikii watu wanane, hasa mkikaa karibu na Usita wa Mui, barabara kuu ya mji.
- Programu ya VLC. Ni ya bure, inacheza karibu kila aina ya faili, na inapunguza kasi ya sauti bila kuiharibu.
- Programu ya Kiwix, nayo ya bure. Inakuwezesha kupakua tovuti nzima, kama vile Wikipedia ya Kiingereza chepesi, ukaisoma baadaye bila intaneti.
- Pawabenki iliyojaa chaji.
- Daftari moja la mwalimu, karatasi za manila, kalamu nene, na akiba ndogo ya fotokopi.

Laptopu ukiwa nayo ni heri, lakini hakuna hatua hapa isiyowezekana kwa simu.

Hatua ya 1: Ijue kazi ya mwanafunzi kabla ya kufungua tovuti yoyote

Kaa na kila mwanafunzi dakika tano, umuulize kwa Kiswahili: mara ya mwisho Kiingereza kilipokukwama, ulikuwa unataka kusema nini? Andika jibu kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake.

Utapata mambo ambayo hakuna kozi ya mtandaoni iliyoyafikiria. Nahodha anataka kumweleza mgeni kwa nini safari ya Takwa inasubiri maji yajae. Mama wa nyumba ya wageni anataka kumwambia mgeni avue viatu mlangoni bila kumuudhi. Kijana wa Mkomani anataka kujibu meneja atakapomwambia ajieleze. Hizo ndizo mada zako. Ukianza na tovuti badala ya mwanafunzi, utafundisha kununua tiketi ya sinema na hali ya hewa ya theluji, kwa sababu ndizo mada zilizo mbele kwenye ukurasa.

Wapo watakaokwambia, "Mwalimu, nataka Kiingereza chote." Usiishie hapo. Muulize habari za jana: mgeni alisema nini, wewe ukajibuje, ulikwama wapi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sentensi nane hadi kumi za Kiswahili kwa kila mtu, na ukiona zipi zinajirudia. Zinazojirudia ndizo zitakazotangulia.

Jambo moja kuhusu wakati. Anzisha darasa Mei au Juni, kusi linapovuma na wageni wakiwa wachache. Watu wana nafasi, na kaskazi likirudi na wageni wa Desemba watakuwa na cha kusema. Darasa linaloanza Desemba hupoteza nusu ya watu wake kwa safari za baharini, na huwezi kuwalaumu.

Hatua ya 2: Pima kiwango, kwa mdomo na kwa maandishi

Tovuti karibu zote nzuri hupanga masomo kwa ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaojitegemea, C1 na C2 kwa waliobobea. Usipoijua ngazi ya mwanafunzi, utapakua vitu visivyomfaa.

Cambridge English wana jaribio la bure mtandaoni lenye maswali 25 ya kuchagua jibu, na mwisho linakupa makisio ya ngazi. Litumie, lakini usilitegemee peke yake, kwani linapima kusoma na sarufi tu. Kwetu hapa utakutana na watu wa namna mbili ambao jaribio hilo halitawaona vizuri. Kuna kijana wa ufukweni anayeongea na wageni siku nzima, mwepesi wa mdomo, lakini akiandikiwa sentensi anashindwa. Na kuna aliyemaliza kidato cha nne, anajaza nafasi zote sawasawa, ila mgeni akimsalimu anainamisha kichwa.

Kwa hiyo ongea naye pia, kwa Kiingereza, dakika tatu: jina, kazi, jana alifanya nini, kesho atafanya nini. Mwombe ruhusa umrekodi kwenye simu. Rekodi hiyo itunze vizuri, utaihitaji katika Hatua ya 9.

Gawa watu makundi mawili tu, wa A1 na A2 upande mmoja, wa B1 na kuendelea upande wa pili. Makundi matatu kwa mwalimu mmoja hayawezekani. Na usimtangazie mtu mzima ngazi yake mbele ya wenzake. Mzee aliyeongoza jahazi miaka yote akiambiwa hadharani kwamba yuko A1, hutamwona tena.

Hatua ya 3: Chagua tovuti tatu, uzijue vizuri

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tovuti ni nyingi na kila moja inajisifu. Mwalimu anayezijua tatu kwa undani anaandaa somo kwa nusu saa. Mwenye viungo hamsini anakesha akitafuta.

Hizi ndizo ninazoziamini, na kazi ya kila moja.

*LearnEnglish ya British Council.* Ina masomo ya kusikiliza na kusoma yaliyopangwa kwa ngazi. Sauti nyingi ni fupi, na zina maandishi yake na mazoezi. Kama utachagua moja tu, chagua hii. Dada yake, TeachingEnglish, ni ya walimu wenyewe: mipango ya masomo yenye hatua zilizoandikwa, pamoja na mafunzo ya bure ya kujisomea.

*Let's Learn English ya VOA*, yaani Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani. Ngazi ya kwanza ina masomo 52 ya wanaoanza kabisa, yanayomfuata msichana anayeitwa Anna aliyehamia Washington. VOA walianza kutangaza kwa Kiingereza chepesi mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na usomaji wa polepole, na uzoefu huo unasikika. Lakini matangazo ya VOA yalisitishwa ghafla Machi 2025. Masomo unayoyategemea yapakue ukae nayo.

*ELLLO.* Hazina ya sauti za watu wa kawaida kutoka nchi nyingi wakiongea Kiingereza chao. Kwa Lamu hii ni dhahabu. Mgeni wako si lazima awe Mwingereza. Atakuwa Mtaliano, Mjerumani, Mfaransa, na Kiingereza chake kitakuwa na lafudhi ya kwao. Mwanafunzi aliyezoea mtangazaji wa London peke yake atababaika.

*6 Minute English ya BBC Learning English.* Watangazaji wawili, mada moja, dakika sita, na maandishi yote unapakua. Ni nzuri sana kwa B1 ya juu na B2. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuwapa hii wanaoanza, kwa kuwa dakika sita zinaonekana chache. Ni fupi, lakini si rahisi.

*African Storybook.* Mradi ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili na Kiingereza. Unaweza kusoma hadithi ile ile kwa lugha zote mbili. Zinaitwa hadithi za watoto, lakini mtu mzima wa A1 hazimdhalilishi ukizichagua vizuri: soko, mashamba, mama na jirani yake. Leseni yake inakuruhusu kuchapisha na kubadilisha, mradi utaje waandishi.

*Breaking News English.* Habari moja inaandikwa kwa ngazi kadhaa. Inafaa kama makundi yako mawili yanakaa baraza moja: wote wanazungumzia jambo lile lile, kila mmoja kwa kiwango chake.

Zaidi ya hizo unahitaji kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, ambayo kila neno lina sauti ya Uingereza na ya Marekani, na orodha ya Oxford 3000, yaani maneno elfu tatu ya msingi yaliyopangwa kwa ngazi kutoka A1 hadi B2. Orodha hiyo ni ya mwalimu, si ya kumkaririsha mwanafunzi. Ukikuta neno katika somo, angalia kama limo. Halimo, basi huenda halistahili dakika zako.

Kwa wanaoanza, ushauri wangu ni VOA, LearnEnglish na African Storybook. Kwa B1, LearnEnglish, ELLLO na 6 Minute English.

Tahadhari ya haki za waandishi: usisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp vitabu vizima vilivyoskaniwa. Ni mali ya watu. Isitoshe, vitabu hivyo huja bila sauti, na bila sauti havina faida kubwa kwa darasa letu.

Hatua ya 4: Pakua nyumbani, fundisha bila intaneti

Usifungue tovuti mbele ya wanafunzi. Mtandao ukisuasua, watu wanane wanakutazama ukitazama simu, na dakika kumi zimekwenda.

Pakua sauti badala ya video. Sauti ya dakika sita kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 6. Video ya muda huo huo hula mara kadhaa ya hapo, na kwa skrini ya simu watu wanane hawaioni hata hivyo. Kama una rafiki au hoteli yenye Wi-Fi wanayokuruhusu kutumia, pakua masomo ya mwezi mzima kwa kikao kimoja.

Fungua folda moja kwa kila somo, uipe jina la kazi yake badala ya jina la tovuti: "Bei ya boti", "Kukaribisha mgeni", "Mahojiano". Ndani weka vitu vitatu: sauti, maandishi, na karatasi yako ya mazoezi.

Kisha zima data na Wi-Fi, ufungue kila faili kutoka mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya tovuti hukuonyesha kwamba umehifadhi, kumbe umehifadhi kiungo tu. Faili zote zikifunguka simu ikiwa kwenye hali ya ndege, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 5: Lilete somo Lamu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama mtu ataongea.

Chukua mazungumzo ya stesheni ya treni, ambayo kozi nyingi za wanaoanza hazikosi kuwa nayo. Huwa yako hivi:

"What time does the next train leave?"
"At half past nine, from platform two."
"How long does it take?"
"About forty minutes."

Usiyatupe kwa sababu Lamu hakuna treni. Mifupa yake ndiyo unayoitaka: kuuliza saa, mahali na muda. Badilisha nyama:

"What time does the boat to the airport leave?"
"At half past nine, from the main jetty."
"How long does it take?"
"About ten minutes."
"Is that the price for one person or for the whole boat?"
"For one person. The luggage is free."

Mistari miwili ya mwisho haikuwepo. Imetoka kwenye daftari la Hatua ya 1, kwa sababu kila anayevusha wageni kwenda uwanja wa ndege wa Manda ameulizwa swali hilo, na wengi wamelijibu kwa vidole.

Kwa nahodha wa Takwa ongeza sentensi zake mwenyewe: "We have to go when the tide is high. If we go late, the boat can't get through the mangroves." Mto wa kufikia magofu hauingiliki maji yakipwa. Kila nahodha analijua jambo hilo tangu utotoni, na ni uchungu kumwona mtu mwenye elimu hiyo yote akionekana mbele ya mgeni kama mtu anayechelewesha safari ovyo. Sentensi mbili zinamrudishia heshima yake.

Kanuni za kubadilisha ni chache:

Sarufi iache kama ilivyo. Badilisha majina ya vitu, mahali, bei na saa. Ukianza kugeuza na vitenzi, utaharibu ngazi ya somo.

Usiongeze maneno mapya zaidi ya manane kwa somo moja.

Hakiki sentensi zako. Tafuta neno lenyewe kwenye kamusi ya Cambridge uone mifano, au kwenye YouGlish, inayokuonyesha vipande vya video vya watu wakilitumia. Programu za akili bandia zinaweza kukuandikia mazungumzo ya mfano kwa haraka, na mara nyingi sarufi yake ni sawa, lakini Lamu haziijui: zitakuwekea teksi mlangoni mwa hoteli. Zisome mstari kwa mstari kabla ya kuziamini.

Sauti ya asili usiifute. Wanafunzi watasikiliza kwanza ya stesheni, kutoka kwa wasemaji wenyewe, kisha watatumia ya jetini. Ukiweza, rekodi ya jetini na mwalimu mwenzako, sauti mbili tofauti.

Ukimwonyesha mwanafunzi karatasi yako akasema, "Haya ndiyo wanayoniuliza," umepatia.

Hatua ya 6: Saa moja ya somo

Anza na mazungumzo mafupi, daftari zimefungwa. Leo umevusha wageni? Wamekuuliza nini? Kiswahili kinaruhusiwa hapa, na kinaruhusiwa pia unapotoa maelekezo. Mwalimu anayekataa Kiswahili kabisa na watu wa A1 anatumia robo saa kueleza jambo la nusu dakika.

Kisha sauti, mara tatu, kila mara na kazi yake. Mara ya kwanza: wangapi wanaongea, wako wapi? Mara ya pili: saa ngapi, muda gani? Mara ya tatu tu ndipo ugawe maandishi. Ukigawa karatasi mwanzoni watasoma badala ya kusikiliza, na mgeni wa jetini haji na maandishi ya anayoyasema. Wakishindwa kabisa, shusha kasi ya VLC hadi 0.8. Usishuke chini zaidi ya hapo, maneno yataanza kusikika vingine, na irudishe kasi ya kawaida kabla ya kumaliza.

Baada ya hapo wawili wawili, mazungumzo ya jetini. Wasome mara mbili, wabadilishane nafasi, kisha karatasi zigeuzwe chini. Mwachie kila mmoja abadilishe bei na saa. Hii ichukue dakika ishirini nzima, zaidi kama inanoga.

Dakika kumi za mwisho kila mtu aseme sentensi yake moja ya kesho kazini.

Angalia nani anaongea sana. Kama ni wewe, somo limekwenda upande. Darasa zuri la wawili wawili lina kelele, na wewe unazunguka kimya ukiandika makosa kwenye daftari. Makosa yasahihishe mwishoni, bila kutaja nani alikosea.

Hatua ya 7: Ongeza kile ambacho tovuti hazikijui kutuhusu

Tovuti hizi hazimjui msemaji wa Kiswahili. Zitatumia ukurasa mzima kufundisha sauti ya "th", ilhali mtu wa pwani anasema *thelathini* na *dhahabu* bila shida. Ruka. Muda huo upeleke kwenye mambo yanayotusumbua kweli.

Saa. Hili ndilo linaloleta hasara ya fedha. Mwongoza watalii anafikiria saa mbili asubuhi, anamwambia mgeni "two o'clock", na mgeni anakuja baada ya adhuhuri boti ikiwa imeshaondoka. Chora saa kwenye manila, elekeza mshale, watu wajibu papo kwa hapo kwa lugha zote mbili. Fanya mwanzoni mwa kila somo, mpaka saa mbili iwe "eight" bila kuhesabu.

Irabu. Sisi tuna tano, Kiingereza kina zaidi, na urefu unabadilisha maana. Maneno "beach" na "sheet" yakisemwa kwa "i" fupi yanakuwa matusi, na hayo ni maneno ya kila siku kwa mwenye nyumba ya wageni. Waeleze watu wazima wazi, kwa adabu, kisha wasikilize sauti za kamusi na kurudia.

Mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza hakina kanuni hiyo. "Comfortable" hukazwa mwanzo, "hotel" hukazwa mwisho. Kila neno jipya lipigiwe makofi kwa mkazo wake kabla ya kuandikwa.

"He" na "she". Yeye kwetu ni mmoja. Chukua hadithi ya African Storybook yenye mvulana na msichana, funika maandishi, wasimulie kwa kuangalia picha.

Na adabu. "Nipe maji" ikisemwa kwa sauti ya upole haimuudhi mtu, lakini "give me" kwa mgeni ni ukali. Vivyo hivyo kwa viatu: badala ya "You must remove your shoes", mfundishe Bi mwenye nyumba kusema "Could you please leave your shoes here?" Mgeni akijikwaa ngazini, tunasema pole, na wengi hutamka "sorry" mgeni akashangaa wamemkosea nini. "Are you all right?" inamaliza kazi.

Hatua ya 8: Kati ya somo na somo

Fungua grupu la WhatsApp la darasa, uweke sheria moja: hapa ni sauti, si maandishi. Tuma sauti moja fupi jioni, waombe wakujibu kwa ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Ujumbe wa sauti unakula data kidogo, na mtu aliye baharini atausikiliza akirudi.

Usitume zaidi ya kitu kimoja kwa siku. Grupu lililojaa viungo halisomwi. Wenye haya waruhusu wakutumie faragha kwanza. Wakishazoea, watahamia grupuni wenyewe.

Kama una wanafunzi waliohamia Malindi au Mombasa, Zoom ya bure inakupa dakika 40 kwa kikao, na zinatosha kwa Hatua ya 6 ukikata mazungumzo ya mwanzo. Watumie faili mapema, sauti isipitie Zoom.

Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya miezi miwili rudia ile rekodi ya dakika tatu, kwa maswali yale yale. Msikilizishe mwanafunzi zote mbili, ya zamani kwanza. Sikiliza mambo matatu: anasita mara ngapi, anamaliza sentensi, na anauliza swali au anajibu tu. Kuuliza ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Mtu anayemuuliza mgeni "How long are you staying?" ameshavuka.

Kisha fungua daftari mpitie sentensi zake nane au kumi za Kiswahili. Anazoweza kuzisema kwa Kiingereza bila msaada zipige mstari. Zilizobaki ndizo mada za miezi miwili ijayo. Kama zilizobaki ni zaidi ya nusu, usimpandishe ngazi, hata kama jaribio la Cambridge linasema vingine.

Mambo mawili ambayo huulizwa baadaye

*Nina mwanafunzi asiyesoma vizuri hata Kiswahili.* Muache aendelee kwa masikio. Hatua ya 6 inaenda bila karatasi: badala ya maandishi ya mara ya tatu, mpe picha tatu azipange kwa mfuatano wa sauti. Kusoma kufuate baadaye, kwa hadithi za lugha mbili, Kiswahili kwanza.

*Je, nahitaji cheti?* Kufundisha barazani, la. Anza na mafunzo ya bure ya TeachingEnglish, ambayo yatakuonyesha kupanga somo na kusahihisha makosa. Ukitaka kuajiriwa na shule ya lugha, cheti kama CELTA, cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kwa watu wazima, kinatambulika kwingi, na kipimo chake kinaonyesha kwa nini: ni kozi ya saa 120 zisizopungua, na ndani yake saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama. Ukiona tangazo la cheti cha bei ya chini kinachopatikana kwa siku mbili bila mtu yeyote kukuona ukifundisha, fedha hiyo nunulia spika.